Tilman: Mlima, Baiskeli na Chungu Kimoja

Katika miji ya Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, baiskeli si chombo cha kustaajabiwa. Huko ndiko lilikozaliwa neno bodaboda, ambalo leo limeenea Afrika ya Mashariki nzima. Baada ya uhuru vijana wa pande zile walikuwa wakifunga mto nyuma ya baiskeli, wakachukua abiria na mizigo kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja hadi kituo cha upande wa pili, wakiwaita wateja kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Jina likaganda, na pikipiki zilipokuja zikalirithi.

Basi mtu wa Busia akisimuliwa habari ya Mzungu aliyeendesha baiskeli kutoka Uganda mpaka bahari ya Atlantiki katika mwaka wa 1933, hatashangaa sana. Atauliza maswali ya mtu ajuaye kazi: mzigo ulikuwa na uzito gani, tairi zilitoboka mara ngapi, na usiku alilala wapi. Hayo ndiyo maswali ambayo Mzungu mwenyewe alijiuliza maisha yake yote. Jina lake lilikuwa Harold William Tilman. Alikuwa askari, mlowezi, mtafuta dhahabu, mpanda milima na nahodha wa jahazi. Aliishi Kenya kwa muda wa miaka kumi na minne hivi, akapanda milima yetu yote mikubwa, kisha akaenda Himalaya na Tibet, ambako jina lake lilipata sifa hasa.

Vitabu vingi vimeandikwa juu ya vilele alivyofika. Sisi leo tutazame jambo jingine ambalo wasomaji wa pwani watalifahamu upesi, nalo ni hili: alisafiri na nani, na alikula na nani. Wazee wetu wametufundisha kwamba humjui mtu mpaka umesafiri naye. Katika maisha ya Tilman mafundisho hayo yana ushahidi mwingi, wa kumsifu na wa kumlaumu.

ARDHI ILIYOPATIKANA KWA BAHATI NASIBU

Tilman alizaliwa tarehe 14 Februari 1898 huko Wallasey, karibu na bandari ya Liverpool, Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sukari mwenye uwezo. Mwaka 1915, akiwa bado na umri wa miaka 17, kijana huyo alipewa cheo cha uofisa katika jeshi la mizinga, akapelekwa Ufaransa. Alijeruhiwa, akarudi vitani, akatunukiwa nishani ya ushujaa mara mbili. Vita vilipokwisha alikuwa na umri wa miaka 20, na wengi wa marafiki zake walikuwa wamekwisha kufa.

Mwaka 1919 serikali ya Kiingereza iliamua kuwagawia askari wake wa zamani ardhi katika nchi ya Kenya kwa njia ya bahati nasibu. Tilman akapata sehemu yake, akafunga safari. Akafyeka msitu katika nyanda za juu za magharibi, upande wa Kericho, akapanda kahawa, na baadaye akawa na shamba jingine Sotik. Ardhi hiyo ilikuwa ya Wakipsigis, nao hawakuulizwa.

Hapa yafaa tukumbuke jambo ambalo kila mtu wa Dar es Salaam na Nairobi hulitamka kila siku pasipo kulifikiri. Wakati Tilman alipokuwa akipigana Ufaransa, huku kwetu Waingereza na Wajerumani walikuwa wakipigana pia, na mizigo ya vita hivyo ilibebwa vichwani na mabegani mwa Waafrika. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Watu wetu wakakiita Kariakoo, na ndilo jina la mtaa na soko la Dar es Salaam, na la Kariokor ya Nairobi. Wapagazi hao walikufa maelfu kwa maelfu, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Waliorudi hai hawakuingizwa katika bahati nasibu ya ardhi. Aliyepiga mzinga alipata shamba, na aliyebeba sanduku la risasi hakupata kitu. Tilman hakuitunga sheria hiyo, lakini alikula matunda yake.

BARUA KWA SHIPTON

Kwa miaka kumi alilima kahawa kwa bidii na upweke. Hakuoa wakati huo wala baadaye. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kukaa na kiko chake mdomoni, asiyependa starehe.

Mwaka 1930 alisoma habari za kijana mmoja aitwaye Eric Shipton, aliyezaliwa Ceylon mwaka 1907, na ambaye naye alikuwa akijifunza ukulima upande wa Nyeri. Mwezi Januari 1929 Shipton, pamoja na Percy Wyn-Harris, afisa wa serikali ya kikoloni, walikuwa wamefika kilele cha Nelion cha Mlima Kenya, ambacho hakuna ajulikanaye kuwa alikifikia kabla yao. Tilman alimwandikia Shipton kumwomba ushauri juu ya kupanda milima. Barua hiyo ndiyo iliyoanzisha urafiki wa maisha.

Mwaka huo huo wa 1930 walipanda Kilimanjaro pamoja, kisha Mlima Kenya, wakakwea Batian, chenye urefu wa mita 5,199, kwa kupitia ukingo wa magharibi ambao haukuwa umepandwa. Mapema mwaka 1932 wakaingia Uganda kwenda Ruwenzori, wakafika kilele cha Margherita, mita 5,109, baada ya kukanyaga matope na mianzi kwa siku nyingi huku mvua ikiwanyeshea.

Urafiki wao ulikuwa wa namna yake. Walifungana kamba moja juu ya maporomoko, kila mmoja akiuweka uhai wake mikononi mwa mwenziwe, lakini Tilman aliendelea kumwita Shipton kwa jina la ukoo, kama waitanavyo watu wasiojuana. Miaka ikapita. Shipton alipomwomba amwite Eric, Tilman akainamisha kichwa kwa haya, akaona jambo hilo ni la kipuuzi.

DHAHABU YA KAKAMEGA

Bei ya kahawa ilipoanguka, watu wengi waligeuza macho kuelekea Kakamega, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1931. Kakamega ndiyo iliyokuwa makao makuu ya wilaya iliyoitwa Kavirondo ya Kaskazini, ambayo wakati ule ilifika mpaka wa Uganda na kuzichukua sehemu kubwa za Busia ya leo. Walowezi waliofilisika waliacha mashamba yao wakaja na sururu na karai, wakapiga mahema kando ya mito ya Waluhya.

Mwaka 1930 serikali ilikuwa imetunga sheria ya kuwahakikishia wananchi kwamba ardhi ya hifadhi zao haitachukuliwa bila ya kufidiwa ardhi nyingine. Mwaka 1932, baada ya dhahabu kuonekana, sheria hiyo ikarekebishwa upesi ili wachimbaji wapate njia. Watu wa huko hawakusahau. Ahadi iliyotolewa leo na kuvunjwa baada ya miaka miwili ni somo ambalo mtu hulihifadhi.

Tilman naye alikwenda Kakamega kujaribu bahati yake, akachimba, akapepeta mchanga, asipate cha maana. Dhahabu ilikuwako, lakini ilihitaji mashine na mitaji mikubwa. Waliofaidi ni makampuni, na mgodi wa Rosterman uliendelea hadi 1952. Mtafuta dhahabu wa kawaida aliondoka na malengelenge ya mikono.

SIKU ZA BAISKELI

Mwaka 1933 Tilman akaamua kurudi kwao. Njia ya kawaida ilikuwa kupanda treni hadi Mombasa, kisha meli ya kupitia Suez. Reli ilikuwa imekwisha kufika Kampala tangu 1931, na Mombasa kulikuwa na meli za kuchagua. Yeye akaona ameipita njia hiyo mara za kutosha, akanunua baiskeli ya kawaida.

Akaanzia upande wa Uganda, akauelekeza usukani magharibi. Akaipita Uganda, akaingia Kongo iliyokuwa ya Wabelgiji, akapita makoloni ya Wafaransa katika Afrika ya kati, akatokea bandari ya Kribi nchini Kameruni. Safari ilikuwa ya kilomita zipatazo 4,800, na ilichukua muda wa karibu miezi miwili. Alichukua vitu vichache tu, akila alichokipata njiani, hasa ndizi, na kulala popote usiku ulipomkuta.

Safari hiyo ilimthibitishia jambo alilokuwa akilishuku siku nyingi, kwamba mizigo mingi ya msafiri ni woga aliofunga kwa kamba. Wazungu wa zamani waliopita nchi hizo walikuwa na misafara ya mamia ya wapagazi, wengi wao kutoka Unguja, Bagamoyo na Mombasa, wakibebeshwa meza, mvinyo na mabafu. Tilman alipita peke yake. Naam, alipita katika dunia ambayo utawala wa kikoloni ulikuwa umekwisha kumtengenezea Mzungu njia na usalama, na mpagazi wa Kinyamwezi asingepokewa vile kila mahali. Hata hivyo somo la mzigo mwepesi lilibaki, na ndilo alilokwenda nalo Himalaya.

WATU WATANO, CHUNGU KIMOJA

Wakati ule Waingereza walikwenda Himalaya kama jeshi liendavyo vitani. Misafara ya Everest ilikuwa na mamia ya wanyama na wapagazi, na vyakula vya makopo kutoka maduka ya London. Gharama yake ilifika maelfu ya pauni, na mlima haukupandwa.

Mwaka 1934 Tilman na Shipton walikwenda kwenye mlima wa Nanda Devi nchini India kwa namna tofauti. Gharama yote ya miezi kadha, na nauli ya meli ndani yake, haikufika pauni 300 kwa wote wawili. Walisema kwamba safari yoyote iliyo na maana yaweza kupangwa nyuma ya bahasha. Kutoka mji wa Darjeeling walichukua watu watatu tu wa kabila la Sherpa: Ang Tharkay, Pasang na Kusang.

Washerpa ni watu wenye asili ya Tibet ambao mababu zao walivuka milima zamani wakakaa Nepal, chini ya Everest. Dini yao ni ya Buddha kama Watibeti, na chakula chao ni kama cha Watibeti. Wengi wao walikwenda Darjeeling kutafuta kazi ya kubeba mizigo ya Wazungu, kama vijana wetu walivyoteremka Bagamoyo zamani kutafuta safari.

Desturi ya misafara ilikuwa bwana ale chake na mpagazi ale chake, bwana alale hema lake na mpagazi lake. Katika safari hii watu watano walibeba mizigo iliyokaribiana uzito, wakala katika chungu kimoja. Chakula kikuu kilikuwa tsampa, yaani unga wa shayiri iliyokaangwa kabla ya kusagwa. Kwa kuwa umekwisha kuiva, hauhitaji kupikwa. Mtu hutia unga katika bakuli, akamimina chai, akafinyanga kwa vidole mpaka ufanye tonge, akala. Mtu aliyezoea kufinyanga ugali hapati taabu kuelewa. Chai yenyewe hutiwa chumvi na siagi, ikapigwa ndani ya mtungi mrefu wa mti. Mgeni hukunja uso mara ya kwanza, lakini katika baridi ya mita 5,000 mwili huishukuru siagi ile.

Nanda Devi umezungukwa na ukuta wa milima, na mlango wake ni bonde jembamba la mto Rishi, lenye kingo za mwamba wima. Wengi walijaribu kupita wakashindwa. Watu hao watano walitambaa ukingoni, maili chache zikiwala siku nyingi, mpaka wakaingia katika uwanda wa malisho ambao hakuna ajulikanaye kuwa aliwahi kuufikia. Baadaye katika mwaka huo huo, wakivuka safu nyingine ya milima, walipotea katika msitu wakaishiwa chakula. Wakaponea kwa machipukizi ya mianzi, ambayo waligombea na dubu. Katika dhiki ile hapakuwa na bwana wala mtumishi, kwa sababu mianzi haikujua cheo cha mtu.

Wasomaji wetu wanaijua maana ya sinia moja. Watu wakiizunguka sinia, kila mmoja akila mbele yake na kumsogezea mwenziwe kipande kizuri, hapo kuna kitu zaidi ya kushiba. Tilman na Shipton walikulia katika nchi ambayo kila mtu ana sahani yake, na katika koloni ambayo mpishi hakuketi mezani. Waliijua adabu hiyo ukubwani, na walifundishwa na Washerpa watatu.

TIBET NA MILANGO YA EVEREST

Mwaka 1935 Shipton aliongoza msafara mdogo wa kuuchunguza Everest kutoka upande wa Tibet, na Tilman akiwamo. Katika safari hiyo walipanda vilele 26 vya urefu wa zaidi ya futi 20,000. Miongoni mwa wapagazi alichukuliwa dakika za mwisho kijana mmoja asiye na uzoefu aitwaye Tenzing. Huyo ndiye Tenzing Norgay, ambaye tarehe 29 Mei 1953, pamoja na Edmund Hillary, alikanyaga kilele cha mlima mrefu kuliko yote duniani. Mwaka 1936 Tilman alirudi Nanda Devi, na tarehe 29 Agosti, yeye na Noel Odell wakafika kileleni, mita 7,816. Hadi mwaka 1950 hakuna mwanadamu aliyepanda kilele kirefu kuliko hicho.

Mwaka 1938 Tilman mwenyewe alikabidhiwa uongozi wa msafara wa Everest. Ili kufika, ilibidi wapite Tibet kwa idhini ya serikali ya Dalai Lama huko Lhasa. Nchi hiyo ni uwanda mkavu wenye upepo, juu kuliko milima mingi ya dunia. Njiani kuna kuta za mawe yaliyochongwa maneno ya sala, na msafiri huzipita akiziacha mkono wake wa kuume. Kila kipito cha mlima kina vitambaa vya rangi vinavyopepea, na kila apitaye huongeza jiwe. Mwislamu hana haja ya kuikubali imani hiyo ili aione adabu iliyomo. Watu wale hawakuuona mlima kuwa kitu cha kushindwa na kutekwa. Waliuona kama nyumba yenye mwenyewe, nawe hubisha hodi.

Chini ya Everest, kwenye urefu wa karibu mita 5,000, palikuwa na nyumba ya watawa iitwayo Rongbuk. Mkuu wake alikuwa lama mzee aliyeheshimiwa sana na Washerpa, na misafara iliyopita hapo ilikwenda kumwamkia. Katika bonde lile ilikatazwa kuua mnyama yeyote, hata kondoo wa mwituni wakawa hawawaogopi watu. Nyumba hiyo ilibomolewa katika miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni ya China, na ilianza kujengwa upya katika miaka ya 1980.

Msafara wa 1938 ulifika urefu wa mita zipatazo 8,300, kisha theluji ya masika ikawarudisha. Huko juu ndiko ulikotokea mtihani mkubwa wa urafiki. Mpagazi mmoja aitwaye Pasang alipooza upande mmoja wa mwili, hata kusema hakuweza. Baadhi ya wenziwe, ambao hawakuwa watu wabaya, waliamini kwamba mlima umechagua nafsi yake, na kwamba akinyang'anywa huyu utamtaka mwingine. Katika baridi na uchovu ule, kumwacha kulikuwa jambo jepesi. Hakuachwa. Aliteremshwa kwa kamba, hatua baada ya hatua, mpaka akafika chini akiwa hai. Misafara mingi imekumbukwa kwa kilele. Yafaa huu ukumbukwe kwa mgonjwa aliyeteremshwa.

Wako waliomlaumu Tilman kwa safari hiyo. Wazungu wenziwe walilalamika juu ya chakula chake kidogo, na waliugua kikohozi na mafua kwa wingi. Ubahili wake ulipita kiasi nyakati nyingine, maana mtu aweza kupenda wepesi wa mzigo mpaka akawatesa walio pamoja naye.

WAISLAMU WA TIBET NDOGO

Kuna sehemu moja ya safari zake ambayo sisi watu wa pwani tungependa kuijua zaidi. Mwaka 1937 Tilman na Shipton walikwenda upande wa Karakoram, nyuma ya mlima wa K2, kuchora ramani ya bonde la Shaksgam. Pamoja na Washerpa saba walichukua wapagazi wa Kibalti. Nchi ya Wabalti, Baltistan, iliitwa zamani Tibet Ndogo. Lugha yao ni ya jamii ya Kitibeti, na chakula chao na nyumba zao zinafanana na za Tibet, lakini watu wenyewe ni Waislamu kwa karne nyingi. Katika mji wa Khaplu uko msikiti wa Chaqchan, wenye nakshi za mbao, ambao mafundi wake walichanganya ujenzi wa Kitibeti na wa Kikashmiri.

Mtu wa Lamu hatastaajabu. Lugha yake ni ya Kibantu, dini yake Uislamu, na mlango wake umenakshiwa kwa mikono iliyojifunza kutoka pande nyingi za bahari. Hata Lhasa kwenyewe Waislamu walikuwako, wafanyabiashara wenye asili ya Kashmir, wenye misikiti na makaburi yao, walioishi chini ya himaya ya Dalai Lama tangu karne ya 17. Anayedhani kwamba Tibet ni nchi ya watu wa namna moja hajaisoma.

Mwaka 1947 Tilman alimfuata Shipton mjini Kashgar, ambako Shipton alikuwa balozi mdogo wa Uingereza. Kashgar ni mji wa Waislamu wa Turkestani, wenye msikiti mkuu wa Id Kah. Marafiki hao na Msherpa mmoja aitwaye Gyalgen walijaribu kuupanda mlima wa Muztagh Ata, mita 7,546, wakila na kulala katika mahema ya Wakirgizi. Karibu na kilele baridi iliwarudisha, na Shipton alipata majeraha ya baridi vidoleni mwa miguu.

BAHARI ILIYOMCHUKUA

Kati ya safari hizo Tilman alipigana vita vya pili vya dunia, akashuka kwa mwavuli Albania na Italia kupigana bega kwa bega na wananchi waliokuwa wakiwapinga Wajerumani na mafashisti. Mji wa Belluno ukampa uraia wa heshima. Baada ya vita aliipita Nepal, iliyokuwa imewafungulia mlango wageni wachache, na mwaka 1950 alifika nchi ya Washerpa wenyewe chini ya Everest.

Alipoona umri unamzuia kupanda milima mirefu, akageukia bahari. Mwaka 1954 alinunua jahazi kongwe liitwalo Mischief, lililoundwa mwaka 1906, akaenda nalo Patagonia na Greenland. Katika miaka ya 1957 na 1958 aliizunguka Afrika yote, akarudi kwa kupitia mfereji wa Suez. Mabaharia wake hawakumvumilia kila mara. Wengine walimkimbia bandarini, na mwaka 1966 mmoja alipotea baharini. Hapo ndipo ile kasoro ya chakula kidogo na maneno machache ilipoonekana zaidi. Washerpa, waliokulia katika dhiki, walimwelewa. Vijana wa mjini hawakumwelewa, naye hakuhangaika kueleweka.

Shipton alifariki dunia mwezi Machi 1977. Mwezi Novemba mwaka huo huo Tilman, akiwa baharia wa kawaida katika chombo cha kijana mmoja, aliondoka Rio de Janeiro kuelekea visiwa vya Falkland. Chombo hakikufika, wala hakuna aliyeokoka. Ilikuwa imebaki miezi michache atimize miaka 80.

MAJINA YALIYOBAKI

Tumhukumuje mtu huyu? Alianza maisha yake ya Afrika kwa ardhi ya watu wengine, aliyopewa kwa ajili ya vita ambavyo mizigo yake ilibebwa na watu ambao hawakupewa chochote. Katika kitabu chake cha Kenya, mpagazi na mfanyakazi wa shamba hupita kama kivuli. Lakini huko Himalaya alibeba mzigo wake mwenyewe, akala unga wa wenziwe, na katika vitabu vyake Washerpa wana majina, tabia, mizaha na hasira. Ang Tharkay akawa kiongozi wa wapagazi aliyeheshimiwa duniani. Mwaka 1950 alikuwa pamoja na Wafaransa kwenye mlima Annapurna, na Ufaransa ikamtunukia nishani yake kubwa.

Linganisheni na kwetu. Mwaka 1899 Halford Mackinder alifika kilele cha Batian pamoja na waongozaji wawili kutoka Ulaya. Msafara wake uliinuliwa na mabega ya Waswahili na Wakikuyu. Majina ya Wazungu hao watatu yamo katika kila kitabu cha Mlima Kenya. Majina ya Waswahili wale, ambao pengine walitoka mitaa ambayo makala haya yanasomwa, hayamo vinywani mwetu.

Hapo ndipo penye deni. Tilman, pamoja na upungufu wake, aliwaandika aliokula nao, na kwa sababu hiyo wajukuu wa Ang Tharkay wanaweza kusoma alivyomenya mianzi na kucheka msituni mwaka 1934. Wapagazi wa pwani waliofika kwenye theluji ya ikweta kabla ya baba zetu kuzaliwa hawakupata mwandishi wa namna hiyo. Kama yuko mzee katika nyumba yoyote ambaye babu yake alikwenda bara na misafara, na anakumbuka jina, njia na alichokula, basi kijana wa nyumba hiyo achukue kalamu amwandike leo, kabla ya mwaka kupita.